Ni Kosa la Damu au la Sumu?

Miongoni mwa maswali wanayotuletea watu wanaokuja kuzungumza nasi hapa Michenzani, yako ya dini tupu, na yako yanayotoka kazini na sokoni, lakini yakichunguzwa hukutwa mizizi yake imo katika dini vilevile. Moja la aina hii ya pili niliulizwa na kijana fundi wa magari, aliyekuwa amepimwa damu na kuambiwa ya kwamba ana upungufu wa kuzaliwa nao, unaomlazimu kujihadhari na baadhi ya dawa na kemikali. Alikuwa na hamu ya kwenda Ghuba kutafuta kazi katika mafuta, kama walivyotangulia jamaa zake. Akasema: "Maalim, kama Mwenyezi Mungu ndiye aliyeniumba na damu hii, na wenzangu wakiifanya kazi ileile hawadhuriki, basi nikidhurika mimi kosa litakuwa la nani?"

Wako watakaojibu upesi ya kwamba hiyo ni kudra, wala hapana wa kulaumiwa. Na wako wengine, hasa wenye viwanda, watakaosema ya kwamba kosa ni la udhaifu wake mwenyewe, kwani kama angekuwa na damu nzima asingeugua. Jibu la kwanza lina sura ya uchaji, na la pili lina sura ya elimu. Lakini tazameni yanakoishia. Yote mawili yanamwachilia mwenye sumu aende zake bila ya kuulizwa neno. Jambo linalomfaa mtu mmoja tu kati ya wawili wanaoshitakiana lapaswa kuchunguzwa kabla ya kukubaliwa.

Kwanza yafaa tuifahamu damu yenyewe. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna vimeng'enya, navyo ni vitu vinavyoendesha kazi za mwili. Kimoja kati yake huitwa kwa kifupi G6PD, na kazi yake ni kuilinda chembe isiharibiwe na kemikali zinazoichokoza. Mwenye upungufu wa kimeng'enya hiki huweza kuishi miaka mingi bila ya kujua neno lolote. Siku moja anameza dawa fulani ya malaria, kama primakwini, au anavuta mvuke wa kitu fulani, na chembe zake zinapasuka kwa wingi. Mkojo huwa mweusi kama kahawa, macho huwa ya manjano, na pumzi humpungukia. Urithi huu hupita zaidi kwa mama kwenda kwa mtoto wa kiume, na mama mwenyewe aghalabu haonyeshi dalili yoyote. Kwa hiyo mama asiyejua hulaumiwa kwa jambo ambalo hakulitenda wala hakulijua.

Tena damu hii haikuenea pwani yetu bila ya sababu. Mwaka 1954 tabibu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake katika Afrika ya Mashariki: watoto waliorithi jeni moja tu ya selimundu, yaani kutoka kwa mzazi mmoja, hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Baadaye ikadhihirika ya kwamba upungufu wa G6PD nao umeenea katika nchi zilizokuwa na malaria nyingi, kwa sababu iliyo karibu na hiyo. Kule Oman, ambako wengi wa ndugu zetu wa Unguja na Pemba walihamia baada ya mwaka 1964, na hasa baada ya mwaka 1970, karibu robo ya wanaume wanao upungufu huu. Basi kile kinachoitwa kasoro mbele ya mlango wa kiwanda kilikuwa ngao ya mababu zetu katika mashamba na mabonde yenye mbu. Mtu aliyepona malaria ya utotoni kwa sababu ya damu hii hawezi kuambiwa leo ya kwamba ameumbwa vibaya. Ameumbwa kwa ajili ya dunia iliyokuwepo kabla ya mapipa ya kemikali.

Wala asidhani mtu ya kwamba kemikali hizi ziko mbali, katika majangwa ya Fahud au kwenye mitambo ya baharini tu. Naftalini, vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyotiwa katika masanduku ya nguo kufukuza nondo na mende, hutolewa katika lami ya makaa ya mawe na katika mafuta ya petroli. (Nilipokuwa chuoni ng'ambo, nguo zetu za baridi zilinuka naftalini tangu mwezi wa kwanza wa kipupwe mpaka wa mwisho, na sisi tuliihesabu harufu ile kuwa ni ya usafi.) Matabibu wa Ugiriki na wa Nigeria wamekwisha eleza habari za watoto wachanga wenye upungufu wa G6PD waliovikwa nguo au kufunikwa mablanketi yaliyohifadhiwa kwa naftalini, wakapatwa na manjano makali, na baadhi yao wakaharibika ubongo au wakafa. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuuzwa kwa vidonge hivyo tangu mwaka 2008. Kwetu vinauzwa katika vifuko vidogo pamoja na sindano na viberiti, na mama anayekunja kanga na nguo za mtoto atakayezaliwa huvitia sandukuni kwa mapenzi. Nani atathubutu kusema ya kwamba mtoto yule amekufa kwa udhaifu wa damu yake?

Iko kemikali nyingine kubwa zaidi kwa habari hii, nayo ni benzini. Hii siyo petroli yenyewe, bali ni kimiminika kimojawapo kilichomo ndani ya petroli. Imethibitika ya kwamba mwenye kuivuta kwa muda mrefu huharibiwa uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na huweza kupata saratani ya damu. Kijana wa gereji anayevuta petroli kwa mdomo katika mpira ili kuitoa kwenye tangi, anayenawia mikono kwa petroli kabla ya kwenda kula, na muuza petroli wa chupa anayeimimina mchana kutwa kando ya barabara, wote hawa wanaivuta. Na hapa pia watu hawalingani. Ini huigeuza benzini kwa vimeng'enya vyake, na vitu vinavyotokea katika kugeuzwa huko ndivyo vinavyodhuru. Wako watu wanaoigeuza upesi, na wako waliozaliwa bila ya kimeng'enya kimoja cha kuyatuliza madhara yake. Uchunguzi uliofanywa kwa wafanyakazi wa China na kutangazwa mwaka 1997 ulionyesha ya kwamba waliokusanya mambo haya mawili pamoja walikuwa katika hatari ya kudhuriwa na benzini mara saba na zaidi kuliko wale wasiokuwa na lolote kati yake.

Yapasa kutenganisha hapa mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kurithi udhaifu mbele ya sumu ni jambo moja, na sumu kuharibu urithi wenyewe ni jambo jingine. Benzini huvunja kromosomu katika chembe za damu za mfanyakazi, lakini uvunjifu huo hubaki katika mwili wake, haupiti kwa watoto. Ama kwa habari ya mbegu za uzazi, wamepimwa wanaume waliofanya kazi katika benzini, ikaonekana baadhi ya mbegu zao zimepungukiwa au zimezidishiwa kromosomu. Hilo ni onyo zito, lakini si uthibitisho ya kwamba mtoto fulani amezaliwa mgonjwa kwa sababu ya kazi ya baba yake. Naliandika hili kwa sababu nimesikia familia zikinyosheana vidole, na dhana haijengi nyumba ya mtu.

Sasa turudi kwa wale wanaosema ni kudra. Hakuna Mwislamu anayekanusha kudra ya Mwenyezi Mungu. Lakini kudra haikupata kuwa pazia la kuficha kazi ya mikono ya watu. Karibu na mwaka 639, Saidna Umar r.a. alipokuwa njiani kuelekea Sham, aliletewa habari ya tauni iliyokuwa imeingia huko. Akashauriana na Masahaba, kisha akaamua kurudi pamoja na watu wake. Abu Ubaida r.a., mtu mwenye heshima kubwa, alimwuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu. Saidna Umar hakukubali tafsiri hiyo. Alimfahamisha ya kwamba kuiacha hatari pia kumo ndani ya kudra, sawa na mchungaji anayewaacha wanyama wake wasile penye ukame akawapeleka penye majani. Na ile tauni haikuundwa na mtu. Ikiwa ugonjwa usiokuwa na mtengenezaji uliruhusu kukimbiwa, basi itakuwaje kwa mvuke ambao umetiwa katika pipa na mtu, ukasafirishwa na mtu, ukauzwa na mtu, na mtu huyo akapata faida? Kuzaliwa na damu fulani ni kudra. Pipa kuachwa wazi chumbani ni uamuzi wa msimamizi.

Dini haimhesabii mtu lile alilozaliwa nalo, humhesabia lile alilolitenda. Tukiipima kesi yetu kwa mizani hii, upande mmoja yuko mtu ambaye hakutenda lolote ila kuzaliwa na kutafuta riziki ya halali. Upande wa pili yuko mtu aliyeijua sumu, au aliyeweza kuijua kama angeuliza, akanyamaza. Siwezi kuona ni kwa hoja gani lawama itauruka upande wa pili na kuuangukia wa kwanza.

Lakini iko hoja moja yenye nguvu, nami sitaki kuipita kando. Yaweza kusemwa hivi: tukikubali ya kwamba baadhi ya watu hudhurika zaidi, je, si huruma kuwapima wote na kuwazuia wale walio dhaifu wasiingie katika kazi hiyo? Si afadhali kijana yule akose kazi kuliko akose uhai?

Hoja hii imekwisha jaribiwa duniani, na matokeo yake yanajulikana. Tangu mwaka 1972 kampuni ya DuPont huko Marekani iliwapima wafanyakazi wake weusi kama wana urithi wa selimundu. Kampuni ilisema ya kwamba upimaji ulianza kwa ombi la wafanyakazi weusi wenyewe na kwa faida yao. Gazeti la New York Times lilipoitangaza habari hiyo mwaka 1980, watu walishituka, kwani hapakuwapo na uthibitisho wa kutosha ya kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu hudhuriwa na kemikali za kiwandani kuliko mwenzake. Kilichopimwa kilikuwa damu, lakini waliotengwa kwa ajili ya kupimwa walikuwa watu wa rangi moja.

Kesi ya Willow Island, katika jimbo la West Virginia, ni nzito zaidi. Huko kampuni ya American Cyanamid ilikuwa na idara ya kutengeneza rangi zenye madini ya risasi. Risasi humdhuru mtoto aliye tumboni. Basi mwaka 1978 kampuni iliamua ya kwamba mwanamke anayeweza kuzaa asifanye kazi katika idara ile. Wanawake watano, ili wasipoteze mshahara wao, walikubali kupasuliwa na kufungwa kizazi. Chama chao, ambacho kilikuwa chama cha wafanyakazi wa mafuta na kemikali, kilipeleka shauri, na mwaka 1984 mahakama ya rufaa ikasema ya kwamba sheria ya usalama kazini haikuvunjwa. Ilikuwa mpaka mwaka 1991, katika shauri la kampuni nyingine, Johnson Controls iliyotengeneza betri, ndipo Mahakama Kuu ya Marekani ikahukumu ya kwamba haijuzu kuwafungia wanawake mlango kwa njia hiyo. Katika shauri hilo ilielezwa pia ya kwamba risasi huwadhuru wanaume katika uzazi wao, lakini wao hakuna aliyewazuia.

Tafakarini, ndugu wasomaji. Mwanamke anaondolewa kizazi chake ili risasi ibaki mahali pake! Jambo lililoanza kwa jina la kumlinda mtoto limekwisha kwa kuhakikisha ya kwamba mtoto hatazaliwa. Na wanaume waliobaki chumbani waliendelea kuivuta.

Huu ndio ubovu wa ndani wa hoja ya huruma. Humtoa mtu mmoja katika hatari na kuiacha hatari yenyewe ikiwa na afya njema. Benzini haiwasamehe wenye damu imara, huwachelewesha tu. Tena aliyeondolewa hupoteza riziki yake bila ya kuulizwa, na kiwanda hupata sababu ya kutosafisha, kwani walioweza kulalamika mapema wamekwisha ondoka. Mtu mdhaifu katika kiwanda ni kama yule mwenye pua kali anayekuwa wa kwanza kunusa moshi nyumbani. Mwenye busara akimsikia hutafuta moto uliko.

Kwa upande mwingine, sisemi ya kwamba damu isipimwe. Laa! Kijana yule alifanya vyema kupima. Saidna Umar aligeuka njiani kwa sababu alipewa habari, akashauriana, na akaamua mwenyewe. Tofauti iliyopo ni juu ya nani mwenye habari na nani mwenye kuamua. Habari ya damu ya mtu ni amana yake, na daktari aliyeipata ameipata kwa amana. Akimwambia mgonjwa asinywe dawa fulani, asiguse naftalini, avae kinga, achague kazi nyingine akitaka, amemsaidia. Akimpelekea mwajiri karatasi bila ya idhini, ameuza kisichokuwa chake. Marekani kwenyewe sheria ya kumkataza mwajiri kutumia habari za jeni za mtu ilipitishwa mwaka 2008.

Wala sisi tusijione tumesalimika kwa kuwa hatuna viwanda vikubwa. Hapa mitaani kwetu karatasi ya hospitali haihitaji mwajiri ili imdhuru mtu. Inatosha jirani kuiona. Kabla ya wiki kwisha husemwa ya kwamba ukoo ule una maradhi ya damu, na posa iliyokuwa njiani ikarudi ilikotoka. Nimewaona wazazi wanaoogopa kumpima mtoto, si kwa kuogopa ugonjwa, bali kwa kuogopa maneno. Basi mtoto hukua bila ya kujua, akaingia gereji akiwa na miaka kumi na minne. Mwenye kusengenya hapati faida yoyote ya fedha, na katika hili amekuwa duni kuliko mwenye kiwanda.

Jambo hili lina haraka yake. Baraza la Wawakilishi limekwisha tunga sheria ya mafuta na gesi ya Zanzibar mwaka 2016. Oktoba 2018 mkataba wa utafutaji ulitiwa sahihi na kampuni ya RAK Gas kwa ajili ya eneo la bahari ya Pemba na Unguja, na mwaka 2024 vitalu vingine vya baharini vikatangazwa kwa wawekezaji. Ng'ambo ya bahari, Chongoleani karibu na Tanga, ndiko linakoishia bomba la kilomita 1,443 linalotoka Hoima, Uganda. Vijana wetu wanahesabu nafasi za kazi, nao wana haki ya kuzihesabu. Lakini watakaoingia katika kazi hizo wataingia na damu ya pwani, yenye selimundu na upungufu wa G6PD ndani yake, si damu ya wale ambao vipimo vingi vya usalama viliwekwa kwa kuwatazama wao. Wawakilishi wetu wakikaa na makampuni, waulize kipimo cha usalama kimewekwa kwa ajili ya mtu gani.

Huenda mtu akasema ya kwamba usafi wa namna hii ni anasa ya matajiri, na nchi maskini haina budi kuchagua wenye nguvu na kuendelea na kazi. Lakini nchi zetu zimekwisha fanya kinyume cha hayo. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dakar wakakubaliana kuiondoa risasi katika petroli, na mwanzoni mwa mwaka 2006 ilikuwa imekwisha ondolewa katika Afrika kusini ya Sahara. Hakuna aliyependekeza watoto wa Dar es Salaam wapimwe kwanza ili ijulikane ubongo wa nani unaistahimili.

Na kabla ya hapo palikuwa na mafundi viatu wa Istanbul. Hao hawakuwa na mashine za gharama, walikuwa wakifanya kazi katika vyumba vidogo visivyo na hewa, wakitumia gundi yenye benzini. Tabibu Mturuki, Muzaffer Aksoy, aliwafuata wagonjwa mmoja mmoja, na mwaka 1974 yeye na wenzake wakatangaza wagonjwa 26 wa saratani kali ya damu au dalili zake za awali, kati ya mafundi wapatao 28,500. Hakuna aliyewapanga mafundi safu ili achague wenye damu ya kuistahimili gundi. Benzini ilianza kuondolewa katika gundi hatua kwa hatua, na baada ya miaka michache Aksoy aliandika ya kwamba wagonjwa wapya miongoni mwa washona viatu wamepungua sana. Wenye vimeng'enya na wasiokuwa navyo waliendelea kushona viatu katika vyumba vilevile.